Uzi: Kumfundisha mtoto kulinganisha Kigoma na Tabora kwa mikono yake mwenyewe

Mleta uzi (mwalimu wa shule ya msingi, Kigoma Mjini)

Wadau wa elimu, salaam kwenu nyote. Naomba tujadili kwa kina jambo ambalo limenikaa moyoni, nalo ni namna tunavyowafundisha watoto kulinganisha maeneo yasiyofanana kijiografia.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Darasa la Nne, na kila nilipofika kwenye mada ya mikoa nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi: nilichora jedwali ubaoni, upande huu Kigoma, upande ule Tabora, watoto wakanakili kwamba huku kuna ziwa, dagaa na michikichi, na kule kuna asali, tumbaku na maembe. Kwenye mtihani walijibu vizuri. Siku moja nikawauliza swali ambalo jedwali halikulitaja: asubuhi ya mwezi wa saba, ni mtoto wa Kigoma au wa Tabora anayehitaji zaidi sweta, na kwa sababu gani? Darasa zima lilinyamaza. Majina ya vitu walikuwa nayo tele, ila hakuna hata mmoja aliyejua aanzie wapi kutafuta jibu.

Tangu siku hiyo nimeshika msimamo kwamba mtoto hawezi kulinganisha mahali pawili mpaka kitu kilekile kipimwe kwa kipimo kilekile katika mahali pote pawili, na yeye mwenyewe awe ameshika kipimo hicho mkononi. Nitaeleza kazi tatu tulizofanya, halafu naomba mnikosoe.

Ya kwanza tunaiita kamba ya miinuko. Tulichukua kamba ya katani tukaitundika ukutani, tukakubaliana kwamba sentimita 1 ya kamba ni mita 10 za nchi. Fundo la usawa wa bahari tulilifunga sentimita 80 kutoka sakafuni. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo watoto walihesabu sentimita 77 kwenda juu wakafunga kitambaa cha buluu. Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi, wakafunga kitambaa cha kijani karibu nusu mita juu ya kile cha buluu. Kisha nikawaambia kwamba sehemu ya ziwa yenye kina kirefu kuliko zote inafikia mita 1,470, nikawaacha wapige hesabu wenyewe. Walishuka kutoka kitambaa cha buluu, wakapita fundo la bahari, wakaendelea kushuka mpaka wakabakiwa na sentimita 10 tu kufika sakafuni. Binti mmoja alisimama akitazama fundo lile la chini, akasema, «Mwalimu, kumbe chini ya ziwa letu ni chini kuliko Dar es Salaam.» Ndivyo ilivyo, kwa mita 700 hivi, na sidhani kama atalisahau maishani, kwa kuwa aliligundua kwa kuhesabu mafundo. Tulipotaka kuongeza Mlima Nkungwe wa kule Mahale, wenye mita 2,462, dari ilituzuia, ikabidi tutoke nje tutafute mti.

Kutoka kwenye kamba tulikwenda kwenye udongo wa mfinyanzi. Kila kikundi kilifinyanga juu ya ubao uwanda wa Tabora, ukingo wa Bonde la Ufa na shimo la ziwa, kisha wakamimina maji kidogo kidogo upande wa Tabora. Maji yalitafuta njia yakaja kwetu. Hapo ndipo nilipowaeleza habari za mto Ugalla, unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya mkoa wa Tabora, ukaingia Malagarasi, na Malagarasi ukayamwaga ziwani kusini mwa mji wetu. Mikoa miwili ambayo jedwali langu liliitenga kwa mstari wa chaki imeunganishwa na maji, na mvua iliyonyesha Sikonge inaweza kuja kufika ziwani kwetu.

Kazi ya tatu ndiyo iliyojibu lile swali la sweta. Tuliweka mabeseni mawili yanayolingana juani, moja la maji na jingine la mchanga mkavu, tukatumia kipimajoto kimoja, tukasoma kila baada ya nusu saa tangu asubuhi. Ikifika saa saba mchana, mchanga wa juu haushikiki, lakini ukifukua kina cha kidole kimoja unakuta ubaridi. Maji nayo yamepata uvuguvugu wa kiasi tu, ila yameupata mpaka chini. Watoto wanaoishi karibu na shule walirudi jioni na mzazi mmoja, wakasoma tena baada ya jua kuzama: mchanga ulikuwa umepoa haraka, maji yalikuwa bado na joto la mchana. Kwa hiyo wakaelewa kwamba ziwa hutunza joto na kulirudisha polepole usiku, na kwamba uwanda ulio mbali na maji makubwa, tena ulio juu zaidi, hupata joto kali mchana wa Oktoba na baridi ya kweli alfajiri ya Juni na Julai. Jibu la sweta walilitoa wao.

Tatizo langu ni kwamba upande wa Tabora bado ninauchukua vitabuni. Nimempata mwalimu mwenzangu wa Tabora aliye tayari kushirikiana nami kwa visanduku: sisi tutume vitu na vipimo vyetu, wao watume vyao. Je, kuna mwenye uzoefu? Tupime nini, na tuanzie wapi?

Mchangiaji wa 2 (mwalimu, Tabora Mjini)

Mwalimu mwenzangu, ndimi uliyezungumza naye, na nimeona nijibu hapa ili na wengine wafaidike. Pendekezo langu ni kwamba tuanze na kivuli, kwa sababu hakina gharama na kitawaonyesha watoto jambo ambalo wengi wetu tunalipita: kulinganisha ni pamoja na kutafuta kinachofanana.

Kigoma na Tabora ziko karibu kwenye latitudo moja, takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo fimbo ya mita 1 iliyosimikwa wima Kigoma na nyingine ya urefu huohuo Tabora zitatoa, siku moja, kivuli cha adhuhuri cha urefu uleule. Karibu na tarehe 21 Juni kitakuwa sentimita 54 hivi, nacho kitaelekea kusini kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Mwezi Desemba kitageuka kielekee kaskazini. Mapema Machi na mapema Oktoba kivuli karibu kitoweke kabisa adhuhuri, na siku hizo hazifai kwa kazi hii, ingawa zinafaa sana kwa kuwashangaza watoto.

Kinachotofautiana ni saa. Ninyi mko magharibi yetu kwa nyuzi 3 na kidogo za longitudo, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka kila nyuzi moja, kwa hiyo jua huwafikieni utosini dakika 13 hivi baada ya kutupita sisi. Lakini, Mwalimu, msijaribu kutafuta adhuhuri kwa kuangalia kivuli kifupi kuliko vyote, maana karibu na wakati huo kivuli kinabadilika polepole mno na watoto watabishana bila mwisho. Choreni duara la nusu kipenyo cha sentimita 80 kuzunguka fimbo. Andikeni saa ambayo ncha ya kivuli inagusa duara asubuhi ikiingia ndani, na saa inapoligusa tena mchana ikitoka nje, kisha chukueni katikati ya saa hizo mbili. Nitatoa mfano wa hesabu ya mwezi Juni: kama Kigoma ncha itagusa saa 5:15 na saa 8:51, katikati ni saa 7:03, kama kwetu itagusa saa 5:03 na saa 8:39, katikati ni saa 6:51. Hapo watoto wamepata dakika 12 kwa fimbo na kamba, na sasa wana sababu ya kuuliza kwa nini adhuhuri ya jua haiangukii saa sita kamili. Saa yetu ya Afrika Mashariki imefuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki ya nchi nzima ya Tanzania.

Saa za simu tuzilinganishe kwanza. Tofauti ya dakika tatu kati ya simu yako na yangu itaharibu kazi yote.

Mchangiaji wa 3 (mwalimu, Kaliua)

Nawapongeza, walimu wenzangu, lakini niseme ukweli kutoka mahali nilipo. Darasa langu lina watoto zaidi ya 100, kipimajoto hatuna, na vipindi vya Jiografia na Mazingira havitoshi hata kumaliza mada. Wakaguzi wanapokuja wanataka kuona andalio la somo na madaftari yaliyosahihishwa. Nikitoka nje na watoto 100 kutazama kivuli, nani atabaki na utulivu wa darasa? Sipingi njia hii. Nauliza namna ya kuitekeleza bila kuwadanganya watoto kwamba wamepima kumbe wametazama wenzao watano wakipima.

Mleta uzi

Mwalimu wa Kaliua, swali lako ndilo gumu kuliko yote katika uzi huu, nami sitalijibu kwa wepesi.

Nilikosea kwa namna hiyohiyo unayoieleza. Mara ya kwanza niliwatoa watoto wote nje pamoja, na waliopima kweli walikuwa wale wa mbele. Nilichobadilisha ni kuacha kulifanya zoezi kuwa tukio la siku moja. Sasa kipimo kimoja kinachukua wiki kadhaa, na kila siku ni zamu ya watoto wanne. Mfano mzuri ni kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi, wakati wa mapumziko mafupi, wanne wa zamu wanakwenda kusoma chupa, wanaandika kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, na wanasoma kwa sauti mbele ya wenzao kabla ya kipindi kuanza. Haichukui dakika tano. Katika msimu mmoja wa mvua kila mtoto anapata zamu yake zaidi ya mara moja, hata darasa likiwa kubwa.

Chupa yenyewe ni ile ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Inakatwa shingo, shingo inageuzwa kuwa mrija ndani yake, na chini inajazwa kokoto na maji mpaka mstari wa sifuri, kwa kuwa kitako cha chupa kina mikunjo na kitapotosha kipimo. Rula inafungwa ubavuni. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba, na jambo hili lazima mtoto alione kwa macho: tulichora mraba wa mita moja kwenye sakafu ya saruji tukamwaga humo lita moja ya maji, wakaona jinsi utando ulivyo mwembamba. Baada ya hapo, mtoto akisikia kwamba imenyesha milimita 40, anajua ni ndoo mbili za lita 20 kwenye kila mraba ule.

Kuhusu kipimajoto, pasipokuwepo tumia mkono. Mtoto akitia mkono wa kushoto kwenye mchanga na wa kulia kwenye maji saa saba mchana, tofauti anaipata. Hatakuwa na namba, na nitasikitika kwa hilo, lakini sababu ataielewa.

Mchangiaji wa 4 (mzazi na mkulima, Urambo)

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, ila mtoto wangu yuko Darasa la Tano na mjadala huu umenigusa. Naomba msisahau udongo.

Hapa kwetu Urambo, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Uingereza ilileta mradi mkubwa wa karanga, sambamba na Kongwa na Nachingwea, na ilipofika mwaka 1951 mradi huo ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mvua isiyotabirika na mitambo isiyofaa, lakini kule Kongwa mojawapo ilikuwa udongo: wakati wa kiangazi uliganda ukawa mgumu kama tofali, karanga hazikuweza kung'olewa. Watu waliokuja na matrekta hawakuwa wamekaa na udongo ule misimu ya kutosha kuujua. Ningependa watoto wetu wajue kuufinya kwanza.

Namna tunayoijua wakulima ni hii. Chukua udongo kiganjani, utie maji kidogo, ufinyange kuwa kidonge, halafu usukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Kichanga cha kwetu hakitoi utepe, kinavunjika. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Igunga, unatoa utepe mrefu na unanata vidoleni. Pia mnaweza kuutia kwenye chupa ya maji, mtikise kwa nguvu, muuache mpaka kesho: mchanga unatangulia kutua chini, mfinyanzi unakuja juu yake mwishoni, na matabaka yanapimwa kwa rula. Chupa mbili, moja ya ufukweni Kigoma na nyingine ya shambani Urambo, zikiwekwa dirishani pamoja zitasema mengi.

Ombi moja la mzazi: katika visanduku vyenu msitume jani bichi la tumbaku. Likiwa na unyevu, nikotini hupenya kwenye ngozi, na wanaovuna wanajua kichefuchefu chake. Tumeni asali, nta, na kipande cha gome la mzinga wa zamani, ili mtoto wa Kigoma aone kwamba mzinga ule uligharimu mti mzima kuchunwa gome, na aelewe kwa nini tunahimizwa kutumia mizinga ya masanduku. Na mwezi wa tisa watoto wa huku watume majani mapya ya miti ya miyombo, ambayo huchipua mekundu kabla hata mvua haijaanza.

Mchangiaji wa 5 (mwalimu, Kasulu)

Nimesoma uzi wote kwa furaha, ila kuna jambo limenikera kidogo, na nalisema kwa heshima. Mleta uzi anaandika «Kigoma» akiwa na maana ya ufukwe. Huku Kasulu, na kwa jirani zetu wa Buhigwe, tuko milimani. Kuna migomba, maharage, kahawa, na baridi ambayo mtoto wa mjini Kigoma haijui. Darasani kwangu wapo watoto ambao hawajawahi kuliona ziwa kwa macho yao. Wanapofundishwa kwamba Kigoma ni ziwa, dagaa na michikichi, wanajifunza kwamba kwao si Kigoma.

Vivyo hivyo Tabora. Mzazi wa Urambo ametaja mbuga za Igunga, ambako kuna pamba, mpunga na ng'ombe, na hali ya huko haifanani na misitu ya miyombo ya Sikonge. Tukilinganisha mkoa na mkoa bila kuangalia ndani ya mkoa, tutakuwa tumelifuta jedwali la ubaoni na kulichora upya ukutani. Nashauri pawepo mahali patatu: ufukwe, mlima na uwanda. Nipo tayari kuwa wa mlimani.

Mleta uzi

Mwalimu wa Kasulu, umenisahihisha na ninakubali. Leo nimewaambia watoto tung'oe neno «Kigoma» kwenye karatasi ya manila, tukaandika jina la mahali penyewe palipopimiwa: «Uwanja wa shule, mwendo wa dakika kumi kutoka ziwani.» Mtoto mmoja aliuliza papo hapo kama vipimo vingebadilika tukipimia kule juu kilimani nyuma ya shule. Kesho tutapanda na chupa ya pili. Swali hilo lisingekuja kama tungebaki na jina la mkoa.

Mzazi wa Urambo, asante, mzee wangu. Tumbaku imeondolewa kwenye orodha. Upande wetu tutatuma mchanga wa ufukweni, dagaa wakavu, na kichikichi kimoja kizima ambacho watoto wa Tabora watakipasua wenyewe, ili waone kwamba mawese yanatoka kwenye nyama ya nje na mafuta ya mise yanatoka kwenye kiini. Tutaambatanisha picha ya bonde lenye unyevu ambamo mchikichi umeota, na swali la kuwafanya watafute kwao bonde la namna hiyo, kama lipo.

Kuhusu dagaa nitaongeza hili, kwa sababu limetokea darasani. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Nawaomba walimu wa Tabora wawatume watoto sokoni kuuliza wauzaji walikumbana na nini miezi ile, bei ilikuwaje, na walichukua wapi samaki badala yake. Watoto wa huku watawauliza wavuvi swali hilohilo, kisha majibu yabadilishane ndani ya kisanduku.

Mpangilio, basi, ni huu hadi atakayepinga. Kivuli kitapimwa wiki ya tatu ya Juni, siku ambayo anga litakuwa wazi Kigoma, Kasulu na Tabora kwa pamoja, na tutapeana taarifa alfajiri kwa simu. Chupa za udongo zitaandaliwa sasa hivi, kwa kuwa kiangazi ndicho wakati mzuri wa kuchimba. Vipimamvua vitakatwa kutoka chupa za aina moja, nitazinunua mimi kwa vituo vyote vitatu ili pasiwe na tofauti ya vipenyo, na vitasimikwa mwishoni mwa Septemba kabla ya mvua za kwanza. Mwalimu wa Kaliua, ukiridhika na utaratibu wa zamu, chupa ya nne ipo. Nijulishe tu kabla ya kisanduku kupakiwa kwenye basi Jumatatu.